Mtu wa historia mpaka awe mhusika wa tamthilia: mwongozo kwa vikundi vya maigizo

Igizo letu la mwanzo la historia hapa Wete lilikuwa la Khalid bin Barghash, yule aliyekikalia kiti cha ufalme wa Zanzibar siku mbili tu Agosti 1896 mpaka Waingereza wakamtoa kwa mizinga. Tuliandika kila kitu, tarehe zote, majina ya manowari, nani mjomba wa nani, na kila mhusika akitokea anaanza kujieleza kazaliwa wapi na baba yake nani, yaani masaa mawili na nusu mazima. Watoto walilala kwenye mikeka, wakubwa wakatoka nje kunywa kahawa na hawakurudi. Mzee mmoja alinisubiri mlangoni tulipomaliza akanambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, haya tulisomeshwa skuli. Huyo Khalid mwenyewe mbona hatukumuona?"

Neno lile nililala nalo siku nyingi. Manake alikuwa na haki, tulileta historia jukwaani lakini mtu hatukumleta. Kuanzia hapo nikaanza kuwasoma watunzi wengine wamefanyaje, na sasa vijana wa vikundi vya Chake na Mkoani wanapoanza kuniuliza naona bora niandike yote pahala pamoja, hivi ndo ninavyofanya mie, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tafuta pale kitabu kinaponyamaza

Soma kwanza, tena soma sana, lakini usisome kwa kukusanya. Soma huku unatafuta pahala ambapo habari zinasema mtu kafanya jambo na hazisemi kwa nini. Hapo ndo penye mhusika wako.

Chukua huyohuyo Khalid. Tunajua Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki 25 Agosti, Khalid akaingia kasrini siku ileile bila ya ridhaa ya Waingereza, wakampa amri ashushe bendera na atoke kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27, hakutoka, wakapiga, na kwa chini ya dakika 45 kazi imekwisha na yeye kakimbilia ubalozi wa Kijerumani. Vyote hivyo vimeandikwa. Ambacho hakikuandikwa ni usiku wa kuamkia tarehe 27. Kijana wa miaka 22, anaona taa za meli za vita baharini mbele ya dirisha lake, na kasrini mna watu kwa mamia waliokuja kumuunga mkono. Nani alimwambia asitoke? Aliamini kweli kwamba hawatopiga? Aliposikia adhana ya alfajiri alikuwa na masaa mangapi ya kubadilisha rai yake? Tungeandika usiku ule mmoja tu, yule mzee asingeniuliza chochote.

Kwaiyo kabla hujaandika mstari wowote, andika suali moja juu ya karatasi na ulibandike ukutani. Kama huna suali, bado hujapata mtu wa kumwandikia, endelea kusoma.

Daftari la safu tatu

Hii ni kazi ya mikono, wala usiipuuze. Piga mistari miwili ya wima kwenye daftari upate safu tatu. Ya kwanza yaliyothibiti, ya pili yanayosimuliwa, ya tatu yetu sisi, yaani tuliyoyabuni. Kila unachokiingiza kwenye skripti lazima kiwe kimekaa katika safu mojawapo na ujue ipi.

Kwa yaliyothibiti, walio Unguja mna bahati ya Nyaraka, yaani hazina ya hati za zamani, pale Kilimani, na kuna vitabu ambavyo wenyewe waliandika habari zao. Sayyida Salme, binti wa Sultan Sayyid Said wa Zanzibar, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani 1886. Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, jamani hiyo ni hazina, unasikia mtu wa wakati ule anavyopanga sentensi.

Yanayosimuliwa huku Pemba ndo mengi zaidi. Mfano Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pujini. Magofu yake yapo, si mbali na Chake, ya karne ya 15 wanasema wachimbaji wa mambo ya kale, lakini ukimtafuta mtu mwenyewe unapata visa vya wazee tu, kwamba alikuwa mkali wa kutisha na aliwatesa watu kwa kazi ya mawe. Na kuna kile kisa cha kisima, kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta katikati ya kisima, mmoja anateka kwa ndoo na kamba, mwengine anashuka ngazi, ili wasionane uso. Kwa mwanahistoria kisa hicho hakimpeleki mbali. Kwa mtunzi ni seti nzima ya jukwaa! Ukuta mmoja, wanawake wawili, kila mmoja anasikia maji ya mwenzake na hamuoni. Mume mwenyewe hata si lazima atokee. Ila uandike kwenye safu ya pili, usije ukasimama mbele ya watu ukasema imethibitika.

Anataka nini, na kwa nini anataka leo

Mtu wa historia ana maisha ya miaka 60 au 80. Mhusika ana haja moja inayomuwasha na kitu kinachomzuia. Hii ndo hatua inayowashinda wengi kwa sababu wanampenda mtu wao, wanataka kutia yote.

Nieleze kwa igizo letu la Salme, manake hilo tulilifanyia kazi mwaka mzima. Kila mtu ukimtajia Salme anakimbilia mapenzi yake na yule Mjerumani Ruete, dari kwa dari pale Mji Mkongwe, na kutoroka kwake na manowari ya Kiingereza 1866. Sikatai, ni kisa kizuri. Lakini niliposoma kitabu chake kilichonishika ni kitu kidogo zaidi. Kwao watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kuandika hapana. Yeye akajifunza kwa siri, anaiga herufi za msahafu, anaandikia kwenye mfupa wa bega la ngamia. Halafu 1859, babake keshafariki, mamake naye kafariki mwaka huohuo, ndugu zake Majid na Barghash wanagombania ufalme, dada yake Khole anamvuta upande wa Barghash, na kikundi cha Barghash kinahitaji mwandishi wa barua za njama. Nani anajua kuandika? Salme, miaka 15.

Ona hapo. Kalamu aliyoiiba kwa siri ndo iliyomtia kwenye fitina dhidi ya Majid, kaka aliyekaa naye nyumba moja, aliyemfundisha kupanda farasi na kupiga bunduki. Haja yake ni kuandika, kizuizi chake ni anayeandikwa. Tukayaacha mapenzi yote ya Ruete nje ya igizo, wenzangu wawili walinuna, lakini mpaka leo naamini tulifanya sawa.

Skripti yetu ya kwanza ilianza hivi: "Mimi ni Salme binti Said, nilizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni..." Hakuna mtu duniani anayeongea hivyo mbele ya dada yake. Tukafuta, ikawa hivi:

KHOLE: (anamuwekea karatasi) Andika.
SALME: Kwa nani?
KHOLE: We andika, mdogo wangu. Jina tutalitia mwisho.
SALME: Dada, kaka Majid ndo aliyenifunza farasi.
KHOLE: Na kuandika alikufunza nani?
SALME: Sikufunzwa na mtu.
KHOLE: Basi mkono huo hauna deni la mtu.
(Salme anachovya kalamu. Tone la wino linaanguka kwenye karatasi kabla hajaandika herufi hata moja.)

Maneno hayo hayamo popote, ni safu ya tatu kabisa. Lakini kila kilichoyazaa kimo safu ya kwanza. Hicho ndo kipimo changu cha ubunifu, nabuni kauli lakini kilichoibeba hiyo kauli nakichukua kwenye yaliyothibiti.

Kubana wakati

Hapa watunzi wakubwa hawana huruma hata kidogo na wewe usiwe nayo. Shakespeare kwenye tamthilia ya Julius Caesar, ile aliyoitia Kiswahili Mwalimu Nyerere 1963, kaichukua sherehe ya ushindi ya Oktoba akaifanya siku moja na sikukuu ya Februari, na vita viwili vya Filipi vilivyopishana kama wiki tatu kavifanya vya siku moja. Hakuna anayelalamika kwa sababu ukikaa ukumbini unaona mambo yanasukumana.

Macbeth ndo zaidi. Mfalme Macbeth wa kweli alitawala Uskochi miaka 17, kuanzia 1040 hadi 1057, na mfalme wa kabla yake, Duncan, yeye Macbeth ndo aliyemuua, tena vitani, na Duncan mwenyewe hakuwa mzee. Jukwaani Duncan kawa mzee wa heshima, kaja mgeni nyumbani kwa Macbeth, kala, kalala, kachinjwa usingizini. Msomee mtu yeyote wa Pemba kisa hicho, mgeni kauliwa kitandani na mwenye nyumba, utamuona anavyosisimkwa mwili. Shakespeare hakubadilisha kwa kutojua, alitafuta pahala ambapo dhambi ileile inauma zaidi. Na jambo jengine, kwenye vitabu alivyosoma Banquo alikuwa mshirika wa mauaji, yeye kamsafisha, manake mfalme aliyekuwapo Uingereza wakati ule alihesabiwa ni wa kizazi cha Banquo. Kwaiyo ukisoma tamthilia ya historia uliza pia nani alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Kwa Kiswahili mwalimu wangu katika jambo hili ni Ebrahim Hussein na Kinjeketile yake ya 1969. Mtu wa kweli, Kinjikitile wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya Majimaji kuanza, vita vyenyewe vikaendelea mpaka 1907 yeye hayupo. Hussein kamuacha hai. Kwa nini? Kwa sababu suali lake si vita, ni neno. Mtu katoa neno kwamba maji yatawalinda watu na risasi, neno likakua likamshinda nguvu mwenyewe, sasa watu wamekufa na maadui wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Ili akabane na suali hilo lazima ayaone maiti. Aliyenyongwa mwanzoni hayaoni. Basi mtunzi kamuongezea uhai, na hata jina kalibadilisha herufi, na kwenye utangulizi kasema wazi kwamba wa kwake si yule wa historia. Mie kila nikifika hatua hii naufungua utangulizi ule nausoma tena.

Kwa Salme sisi tulibana barua zote zikawa barua moja, na wiki kadhaa zikawa usiku mmoja. Basi.

Punguza watu. Sayyid Said aliacha watoto zaidi ya 30, ukiwaleta wote utahitaji uwanja wa mpira. Sisi tulibaki na wanne, Salme, Khole, Majid, Barghash. Watumishi tukawaunganisha wakawa mmoja, mama mtu mzima anayebeba barua chini ya kanga, na huyo hatukumpa jina la mtu yeyote wa kweli.

Ila hapo niseme kitu kinachoniuma. Majumba yale yalikuwa na watumwa, na barua hazikutembea zenyewe. Tippu Tip anahadithia safari zake za pembe kwa utulivu mkubwa, na waliozibeba zile pembe mabegani hawapati nafasi ya kusema. Usiwarithi wakubwa wa historia pamoja na ububu waliowatia wengine. Yule mama wa kanga kwenye igizo letu ana mistari sita tu, lakini anajua kilichomo kwenye barua na anajua kwamba ikikamatwa atakayeanza kuadhibiwa ni yeye, na anamwambia Salme hivyohivyo usoni.

Mpe haki yake na yule usiyempenda

Ukimfanya Majid mjinga au katili, usaliti wa Salme unakuwa hauna uzito. Ukimfanya Barghash shetani, hakuna sababu ya Khole kumfuata. Njia ninayoitumia ni hii, kila mwigizaji nampa siku moja ya mazoezi anipandie kwenye kiti anitetee mhusika wake kwa dakika tano bila ya skripti, sisi wengine tunamuuliza masuali magumu. Aliyeigiza Barghash alikuja na hoja ambayo mie sikuwa nayo, kwamba anaona ndugu yake atawaachia Waingereza nchi kidogo kidogo. Tukaitia kwenye skripti palepale. Na kweli, njama ilipovunjika 1859 Waingereza walikuwa upande wa Majid, na Barghash akapelekwa Bombay.

Kauli

Watu wa 1859 wasiseme "changamoto" wala "mchakato" wala "poa", ukumbi wote utatoka kwenye usiku ule urudi kwenye mkutano wa semina. Lakini pia msiwajaze Kiarabu mpaka wawe kama wanahutubia, wenye nyumba zile walikuwa wanataniana na kulalamika njaa kama sisi. Mie nachukua Kiswahili cha bibi yangu, kile ambacho hakina haraka, halafu napunguza. Nikikwama nafungua kitabu cha Tippu Tip ukurasa wowote nasoma kwa sauti mpaka sikio likae sawa.

Soma mbele ya wazee kabla ya mazoezi

Visiwa vyetu vidogo. Mtu unayemwigiza ana vitukuu, na mmoja wao huenda ndo anayekuuzia mkate. Watunzi wa Kenya, Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, walipokuwa wanaandika tamthilia kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, walikwenda mpaka kijijini kwake Karunaini kuzungumza na waliomjua, sasa sisi ambao baraza ni hatua mbili kutoka mlangoni tuna udhuru gani?

Tunakaa na wazee kama watano au sita, kahawa na kashata, vijana wanasoma skripti kuanzia mwanzo. Usijitetee, andika tu. Safari ile bibi mmoja alitusimamisha kwenye onyesho la Majid na Salme. Tulikuwa tumeandika Salme anampigia kelele kaka yake. Akasema, "Huyu ana hatia moyoni, atapiga kelele vipi? Huyu atamtilia maji ya kunywa." Tukabadilisha. Majid anarudi kutoka matembezini, Salme anammiminia maji bila kuombwa, mkono wa kulia una wino kwenye kidole, na Majid anauona wino. Hasemi. Anakunywa. Ndo onyesho ambalo watu walikaa kimya zaidi kuliko yote, na halikutoka kwangu.

Akitokea mtu wa ukoo akakwambia jambo fulani linawaumiza, msikilize mpaka mwisho. Kama ni la safu ya tatu, yaani umelibuni wewe, liondoe, una elfu nyengine za kubuni. Kama ni la safu ya kwanza, lile lililothibiti, mweleze kwa adabu kwa nini lazima libaki, na mwonyeshe ulipolisoma. Kwa watu ambao watoto wao wa kumzaa bado wako hai mie nabadilisha jina na pahala kabisa, na naona hivyo ndivyo inavyostahiki.

Kabla ya kufungua pazia

Kibali ni kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, nendeni mapema na skripti iliyokamilika msingoje wiki ya mwisho. Halafu mlangoni bandikeni bango, kwa herufi kubwa, mkitaja mlichobadilisha. Letu lilikuwa na mistari minne: barua zilikuwa nyingi sisi tumefanya moja, mazungumzo yote ni yetu, mama wa kanga ni wa kubuni, onyesho la mwisho ni la kubuni. Watu walilisoma kabla ya kuingia na wengine wakalisoma tena wakati wa kutoka, na nje ya ukumbi wakabishana ambacho tumekosea na ambacho tumepatia, ubishi mzuri kabisa.

Onyesho lenyewe la mwisho lilitusumbua. 1885 Salme alirudi Unguja na manowari za Kijerumani, keshakuwa mjane, miaka 19 tangu aondoke, na Sultan sasa ni Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua za njama. Majid aliyemsaliti alipatana naye baadaye. Barghash aliyemtumikia alikataa kumpokea. Tulimwandikia Salme hotuba ya ukurasa mzima pale, analia, anakumbusha yote. Usiku wa kwanza nilikaa nyuma nikaona watu wameanza kutafuta viatu vyao.

Kesho yake tukaikata yote. Sasa Salme hatokei kabisa. Mtumishi anaingia na barua kwenye sinia, Barghash anaichukua, anautazama mwandiko wa juu, anautambua. Anaigeuza, anairudisha kwenye sinia haijafunguliwa, na mtumishi anasimama palepale hajui aende nayo wapi. Taa tunazizima hapo.